Ada ya Jicho la Kulia

Jumatatu, 6 Mei

Daftari jipya, dola moja na senti kumi dukani kwetu hapa gerezani. Herufi zangu kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza, maana jicho la kulia limeshafunga duka na la kushoto linafanya kazi ya wawili. Jina langu Verdell Tatum, mpishi, Bweni C, Gereza la Wanawake la Tallow Creek, mwaka wa kumi na moja. Afisa unayepekua vitu vyangu, kama umefika hapa, karibu, ila ukimaliza urudishe daftari ulipolikuta.

Leo limekuja jibu la mwisho la malalamiko yangu. Mtoto wa jicho amekomaa, wanakubali. Upasuaji ni wa nusu saa, wanakubali. Ila utaratibu wa gereza ni huu: mfungwa mwenye jicho moja zima ana macho ya kutosha.

Nikampelekea Bi Ottoline Pruitt, mfungwa mwenzetu na mwandishi wa kesi wa bweni letu. Ana miaka sitini na minane, zamani alikuwa akipanga safari za mabasi ya shule, na sheria anaijua kuliko mawakili walioturuhusu tufungwe. Hakuipokea barua. Alikunja mikono akasema, "Nisomee." Nikasoma.

"Jicho moja linatosha?" akasema. "Basi na mkuu wa gereza anyofoe lake moja tuone atakavyolipaki lile gari lake."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kitanda.

"Cheka tu," akasema. "Kesho njoo na kalamu. Tunashtaki."

Mimi! Kushtaki!

Jumatano, 8 Mei

Bi Ottoline anasema, mimi naandika. Nikamuuliza ada.

"Mia tatu na hamsini."

"Bi Ottoline, jimbo hili halinilipi hata senti. Nakaanga mayai ya watu mia tisa kila alfajiri bure."

"Nisikilize, mwanangu. Maskini aliye nje akienda kushtaki, husamehewa ada. Maskini aliye ndani hasamehewi, anakopeshwa. Unalipa kidogo kwanza, halafu kila pesa inayokuingia mahakama inachukua sehemu moja ya tano mpaka ada iishe. Akaunti yako ina ngapi?"

"Dola tatu na senti kumi na tano."

"Ha! Kwa dola tatu watakukata nini? Senti sitini. Lipa uende zako."

Yeye mwenyewe hashtaki tena. Kesi zake tatu zilitupwa zamani, na mfungwa aliyetupiwa kesi tatu hakopeshwi: hulipa yote taslimu, mia nne na tano pamoja na gharama za uandikishaji, kabla karatasi yake haijafunguliwa.

Ijumaa, 10 Mei

Mshauri wa bweni amenigongea muhuri taarifa ya akaunti yangu ya miezi sita. Nikamsomea Bi Ottoline mstari wa chini kabisa: 3.15. "Safi, tia kwenye bahasha," akasema, hata hakuitazama. Ana madaha huyu bibi! Karatasi hashiki, kalamu hagusi, kila kitu asomewe kama malkia. Na kahawa yake lazima achovye kidole kikombeni wakati wa kumimina. Mambo ya wakubwa hayo, siulizi.

Jumapili, 12 Mei. Siku ya Mama.

Leo pesa zimemiminika, za Siku ya Mama, na nyingi zimeingia kwangu. Nieleze. Wenzangu saba humu wanadaiwa fidia. Pesa ikiingia kwenye akaunti zao, gereza linachota kwanza. Kwa hiyo huwaambia wa nyumbani, "Tuma kwa Tatum." Mimi sidaiwi na mtu. Siku ya duka namnunulia kila mmoja chake, tambi, sabuni, kahawa, hadi senti ya mwisho. Ni marufuku, najua. Afisa, hapa jifanye hukuona.

Anayetumiwa nyingi ni Dreama Sizemore, anayelala kitanda cha juu yangu. Mama yake anakata kuku kiwandani na humtumia mia na ishirini kila mwezi. Dreama ana mdomo! Kutwa kucha. Mimi ananiita Chongo, mbele ya watu. "Chongo, nimetumiwa?" Siku moja nitamjibu.

Alhamisi, 16 Mei

Bahasha imeondoka. Nimeiona kwa jicho langu, ikiingia kwenye gunia.

Jumatatu, 20 Mei

Hamna kitu.

Ijumaa, 24 Mei

Hamna. Joto limeanza.

Jumatano, 29 Mei

Hamna. Wameita barua, nimekwenda mbio na aproni yangu, nimerudi na tangazo la kanisa.

Ijumaa, 7 Juni

Imekuja! Imekuja, na laiti ingekawia.

Nilimkuta Bi Ottoline mezani nikafungua mbele yake. Jaji anasema kabla hajaangalia kesi yangu nilipe kwanza dola themanini na mbili. Siku ishirini na moja, mwisho tarehe 28 Juni. Nisipolipa, kesi inafutwa.

"Themanini na mbili?" Bi Ottoline akasema. "Soma tena."

Nikasoma tena. Ni moja ya tano ya wastani wa pesa zinazoingia kwangu kwa mwezi, yaani mia nne na kumi.

"Zinazoingia," akasema polepole. "Siyo zilizobaki. Verdell, ile taarifa ilikuwa na safu ngapi?"

"Sijui. Mbili. Tatu. Mimi nilisoma ya chini."

"Hukuniambia kuna safu ya pesa zinazoingia!"

"Si karatasi ilikuwa mbele yako, Bi Ottoline? Macho unayo mawili!"

Akapapasa kikombe chake, akasema, "Kosa ni langu," basi. Bi Ottoline, aliyewahi kumkosoa wakili wa jimbo nukta moja! Nilimwonea huruma nikasahau kujihurumia.

Maana mambo yenyewe ndiyo hayo. Kwa jaji mimi ni tajiri. Pesa za watu saba zimepita mlangoni kwangu zikiaga, na kila moja imeacha alama ya mguu.

"Njia ipo," akasema baadaye. "Mwandikie jaji ukweli. Pesa si zako, ni za fulani na fulani."

"Na majina?"

"Lazima majina. Na nakala inakuja hapa gerezani."

Hao saba wangekula adhabu ya miezi: duka hakuna, simu hakuna, wageni hakuna. Nikasema siandiki. Jicho ni langu, majina si yangu.

Jumamosi, 8 Juni

Habari zimeenea kuliko moto. Dreama alisimama juu ya kiti: "Jamani, Chongo ameipeleka akaunti yetu kwa jaji!" Ni kweli kwamba sasa kila senti itakayopita kwangu itakatwa. Wote saba wamehamia kwa mwanamke mmoja wa Bweni B. Miaka minne nimewanunulia hadi dawa ya meno, leo hakuna aliyenipisha mezani. Nimeumia. Naandika waziwazi, nimeumia.

Jumanne, 11 Juni

Nimetia sukari kwenye mayai ya watu mia tisa. Mikebe miwili mikubwa, mmoja wa chumvi, mmoja wa sukari, maandishi nimeyaona ukungu mtupu. Ukungu huo ulikuwa kwenye jicho la kushoto. Lile zima. Lile la kutosha.

Bweni zima walicheka. Msimamizi wa jikoni hakucheka. Amesema nikikosea tena natoka.

Ijumaa, 14 Juni

Siku kumi na nne zimebaki. Dada yangu ametuma ishirini na tano, gereza limechukua ishirini: ada ya kumwona daktari wa macho mara nne, yule aliyesema jicho moja linatosha. Nilibaki nacheka peke yangu kwenye mashine ya akaunti.

Jumapili, 16 Juni

Ngoja nikae vizuri, leo nina ya kuandika!

Foleni ya simu, saa nane mchana, bweni linachemka. Dreama yuko mbele. Mimi nyuma kabisa, nasubiri zamu nimpigie dada yangu nimwambie imeshindikana. Mara namsikia Dreama anapaza sauti kwenye simu, na akipaza yeye hata nyama za makopo zinasikia:

"Mama, mwezi huu usinitumie. Nimesema usinitumie! ... Hapana, siumwi. Zile zangu peleka mahakamani. ... Siyo kesi yangu! Ya Chongo. ... Ndiye huyohuyo, anayeshika pesa zako. Mama, wewe sikiliza. Huyu mtu miaka minne hajakosea senti tano. Angenitaja kwa jaji jicho lake lingepona na mimi ningelala kwenye adhabu. Hakunitaja. Unafikiri mimi sina akili?"

Akageuka na simu mkononi.

"Mnatazama nini? Mnasubiri atie sukari kwenye maharage? Mama yangu anatoa arobaini. Nani mwingine?"

Wakaanza, mmoja mmoja, kila aliyeshika simu. "Mjomba, tano tu." "Mwanangu, kumi mpelekee mama yake Dreama." Mmoja alimwambia mumewe, "Uliniahidi viatu, sivitaki, toa kumi na mbili," na mume akagomba tukamsikia wote. Bi Ottoline kiti chake karibu na simu, kichwa ameinamisha, anajumlisha kwa midomo.

Nilimwendea Dreama, machozi yananitoka. Mdomo wote nilioulimbikiza miaka minne umekwenda wapi?

"Usilie, Chongo," akasema. "Utalizibua bure, mahakama ikukatalie kesi."

Jumanne, 25 Juni

Mama Sizemore anasema ana themanini na mbili kamili ndani ya bahasha ya kiwandani. Alhamisi anaomba ruhusa kazini. Safari ya mahakamani ni mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari lake, na gari lake si la kuaminika.

Alhamisi, 27 Juni

Saa nane kamili nilimpigia. Dakika kumi na tano, kisha simu hukatika yenyewe. Watu wamenizunguka.

"Niko dirishani," anasema anahema. "Gari limechemka njiani, nimekuja na maji ya kanisa kwenye rejeta. Karani anataka namba ya kesi."

Namba ya kesi! Karatasi ninayo, nikaisogeza puani. Tano. Ishirini na nne. Halafu... sifuri au sita? Tatu au nane?

"Dreama, nisomee!"

Dreama yuko msalani. Kwa nini siku zote awe pembeni yangu, leo awe msalani? Wengine wanasukumana, karatasi inavutwa huku na huku, ikachanika. Sauti kwenye simu ikasema imebaki dakika moja.

Hapo Bi Ottoline, kwenye kiti chake, macho ameyaelekeza dirishani, hakuna karatasi wala nini, akasema taratibu: "Tano, ishirini na nne, sifuri sifuri tatu moja saba. Namba yake ya ufungwa: moja moja sita mbili tisa nne."

Nikazirudia kwenye simu. Mama Sizemore akazirudia kwa karani. Kisha tukasikia, wallahi tukasikia, muhuri: pa!

"Imepokelewa," akasema, na simu ikakatika.

Kelele zilizopigwa! Askari alikuja mbio akidhani tunauana. Mimi nilimkumbatia Bi Ottoline nikamuuliza amewezaje.

"Mabasi arobaini na mawili, kila moja na vituo vyake," akasema. "Namba nikishaisikia haitoki."

Alhamisi, 4 Julai

Soseji na tikiti maji. Hakuna barua siku ya sikukuu.

Jumatano, 10 Julai

Joto. Nyenje wanalia miti yote. Nimeungua kidole kwenye sufuria ambayo sikuiona.

Alhamisi, 18 Julai

Kesi inaendelea! Jaji ameisoma, hakuitupa! Gereza lina siku sitini lijibu kwa nini jicho moja linatosha. Nilisoma sentensi hiyo mara tano, Dreama akaisoma mara ya sita kwa sauti yake ya sokoni, amesimama juu ya kile kiti chake.

Dada yangu ametuma ishirini na tano nyingine. Mahakama imechukua tano. Bado mia mbili sitini na tatu. Kwa mwendo huu nitamaliza kulipa baada ya miaka minne na ushee, na mimi natoka baada ya mitatu. Deni litabaki likinipungia mkono.

Jumanne, 13 Agosti

Nesi kaniita. Hospitali ya mjini, Septemba 5. Hakuna maelezo. Barua ya wakili wa gereza ndiyo ina maelezo: upasuaji wamenipa kwa hisani, hivyo hakuna tena cha kubishania, jaji afunge kesi.

"Hisani yenye namba ya kesi," Bi Ottoline akasema. "Wanakutibu wewe ili utaratibu wao usiguswe. Kubali, mwanangu. Jicho kwanza."

"Na ada niliyobakiza?"

"Unailipa hiyohiyo. Kesi ikifa ada haizikwi nayo."

Alhamisi, 5 Septemba

Nimefanyiwa. Pingu mguuni, lakini muuguzi alinishika mkono. Naandika kwa kupapasa.

Jumamosi, 7 Septemba

Wametoa bandeji. Lo! Jamani! Nimekuta rangi! Kumbe na lile la kushoto lilikuwa na ukungu wake miaka yote! Blanketi langu ni la bluu, miaka miwili nimelala nalo nikidhani ni la kijivu. Dreama ana vidoadoa puani na jino la mbele lililovunjika, na uso wa mtoto, mdomo wote ule!

"Sasa nikuite nani?" akaniuliza.

"Bi Tatum."

"Chongo ilikuwa fupi," akasema, na tukacheka mpaka tukakaa chini.

Nikakimbia kwa Bi Ottoline nimwonyeshe. Nilisimama mbele yake, mwanga wa dirisha umempiga usoni. Macho yake yote mawili ni meupe kama maji ya mchele.

Kidole kwenye kikombe. Nisomee. Namba kichwani. Ile safu ambayo hakuiona. Tulikuwa wawili mezani siku ile, mimi na jicho moja na yeye hana hata moja, tukiihakiki karatasi ya mahakama! Na mimi nikamwambia macho anayo mawili.

"Umenyamaza," akasema. "Basi umeona."

"Tangu lini?"

"La kushoto mwaka juzi. La kulia tangu Krismasi."

"Kwa nini hukusema, Bi Ottoline?"

"Wangenihamishia bweni la wagonjwa, upande wa pili wa jimbo. Nani angewaandikia nyie? Malalamiko nilipeleka kimyakimya. Barua ya mwisho ilikuja Januari, iko chini ya godoro. Sikuisomewa. Bahasha nyembamba najua maana yake."

Nikaitoa nikaisoma. Anaona mwanga, wameandika, kwa hiyo ana macho ya kutosha.

"Tunashtaki," nikasema.

"Kwa mia nne na tano taslimu? Wewe mtoto una wazimu. Wazee husema heri kufa macho kuliko kufa moyo, na moyo ninao. Nenda kapike."

Sikwenda kupika. Nilikwenda kumwamsha Dreama.

Jumapili, 8 Septemba

Foleni ya simu. Mara ile tulikuwa saba, leo kumi na tisa. Kila mmoja humu ana karatasi iliyotoka mdomoni mwa yule bibi.

Jumatatu, 16 Septemba

Jaji ameifunga kesi yangu. Sikulia. Mama Sizemore na kina mama wa kanisani kwao wameuza sahani za samaki wa kukaanga, dola kumi na mbili sahani. Mia mbili themanini zimeshafika.

Jumapili, 22 Septemba

Mia tatu sitini na tano. Dreama amempigia hata mwalimu wake wa zamani.

Ijumaa, 27 Septemba

Mia nne na tano! Jumatatu Mama Sizemore anazipeleka, na gari limetengenezwa.

Leo tumekaa meza ileile. Bi Ottoline anasema, mimi naandika, herufi zangu sasa ndogo, zimekaa kwenye mistari. Nilipofika mwisho nikasema, "Nimemaliza."

"Bado," akasema. "Soma yote. Kila safu. Hata namba ya ukurasa."

Nikasoma yote, kurasa kumi na moja, na Dreama amekaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo nalo linastahili kuandikwa.

Kisha nikamwekea kalamu mkononi. Mdai: Ottoline Pruitt. Hajalitia sahihi jina hilo kwenye kesi kwa miaka tisa. Nikakishika kidole chake nikakiweka mwanzo wa mstari, nikaachia. Aliandika taratibu, ulimi nje kidogo.

"Nimekaa mstarini?" akauliza.

Nikatazama kwa jicho langu jipya. Jina lilikuwa limeuacha mstari tangu herufi ya tatu, likapanda, likapita juu ya tarehe, likaishia katikati ya sehemu ya jaji.

"Hapana, Bi Ottoline. Umepanda mpaka kwenye nafasi ya jaji. Nichukue karatasi nyingine?"

Akaifunika kalamu.

"Usibadilishe," akasema. "Mwache aone."